Nani alikwambia 1600?

Dadangu alinipigia simu jioni moja baada ya Idi ya mwaka jana, sauti iko juu, ati njoo uone mwanao alichofanya. Kwetu mtoto akiharibu huwa ni wa mama mdogo, akifanya vizuri ni wa mamake, kwa hivo nikajua mapema kuna jambo. Nikafunga saiba, kaduka kangu ka intaneti na kuprinti, nikadaka tuktuk mpaka Barani, mtaa wa hapa Malindi, nafika namkuta kasimama mlangoni mwa chumba cha kijana, mikono kiunoni. Ule ukuta alioupaka rangi kwa ajili ya Idi, rangi ya maziwa, ndoo nzima na mabaki akapaka jikoni, sasa juu ya kitanda pameandikwa 1600 kwa maka peni nyeusi, nambari kubwa kama zile alama wanazopiga nyumba za kubomolewa.

Mamangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alikuwa mkekani anachambua mchele. Akainua macho akauliza kwa upole kabisa: "Kwani anadaiwa na nani elfu moja mia sita? Si mumlipe mtu haki yake."

Tulicheka mpaka dadangu akasahau hasira zake.

Kwa wasiojua, 1600 ndio alama ya juu kabisa ya SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani. Ya chini kabisa ni 400, hata ukilala mezani 400 utapewa. Una sehemu mbili, kusoma na kuandika Kiingereza upande mmoja, hesabu upande wa pili, na kila moja inaanzia 200 mpaka 800. Na siku kijana anaandika ukutani alikuwa hajafanya hata swali moja la huo mtihani. Hata moja. Aliona nambari ya mwisho akaichukua, kama mtu anaingia dukani anauliza kitu cha bei ghali kuliko vyote ni kipi na hajui hata wanauza nini.

Lakini nilimwelewa, manake mie yalinikuta. Nikiwa fomu foo, 2004, mwalimu wa darasa alileta manila akatukatia vipande, kila mtu aandike tageti yake ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, abandike kwenye dawati aione kila siku mpaka Novemba. Nikaketi nikapiga hesabu zangu. Nilikuwa nataka ualimu, na kwa nilivokuwa naskia wakati huo B+ ingenifikisha bila wasiwasi. Nikaandika B+. Mwalimu kupita, akakitazama kile kikaratasi, akatoa peni nyekundu akakata, akaandika A juu yake, na si A yenye mkia wa kutoa, A yenyewe. Akanambia mbele ya darasa, hapa hatufugi watu wa B. Basi darasa zima A, madawati 48 yote A, ungetupiga picha ungesema hawa watoto wameshushwa na malaika.

Ile A ikanipeleka mbio. Historia niliyokuwa naimudu nikaiacha ijiendee, nikaenda kupigana na fizikia usiku na mchana kwa sababu A haiji ukiwa umebeba D ya fizikia. Fizikia ikanipa D+ vilevile. Historia nayo ikaona imesuswa, ikashuka. Jumla nikatoka na B-. Sisemi mwalimu alikuwa mtu mbaya, alikuwa anatupenda na alitununulia mkate siku ya mwisho, lakini ile A haikuwa yangu, ilikuwa ya shule, ya wastani wa shule na ya mkuu wa shule akienda mkutanoni. Mie ndio nilipewa niibebe. Mpaka leo nikiona peni nyekundu huwa kuna kitu kinanipanda hapa kooni, na hapo saiba siziuzi, nauza bluu na nyeusi tu, wateja wanadhani nimesahau kuagiza.

Haya, turudi kwa kijana. Mtaa mzima wanamwita Injinia na si mzaha wa bure. Babake aliwahi kufanya vibarua Ngomeni, hapo kaskazini mwa Malindi, kwenye kile kituo cha anga cha Waitaliano, na ukikua ukiambiwa hadithi za kule kichwa hakikai sawa tena. Yale majukwaa ya San Marco yako baharini kule, miguu ndani ya maji kama korongo. Tarehe 12 Disemba 1970, miaka saba kamili tangu tujitawale, pale ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama miali ya eksirei angani, wakaiita Uhuru kwa heshima ya siku yenyewe. Jina la Kiswahili limo kwenye vitabu vya fizikia vya dunia nzima na limetokea hapa kwetu kwenye minazi. Halafu 2023 setilaiti yetu wenyewe Wakenya, Taifa-1, ikaenda kurushiwa California. Injinia hilo lilimuuma kama kaibiwa baiskeli. Ati mamdogo, jukwaa tunalo, mbona tunapanda gari la watu? Nikamwambia mie nauza bando na kuprinti vyeti, hayo kaiulize serikali.

KCSE ya 2023 alipata A-, pointi 79 kati ya 84, mashaallah. Na hiyo ndiyo shida, mtu akishapata 79 kati ya 84 anadhani kila mtihani duniani unapimwa kutoka juu kuja chini.

Siku ya pili akaja saiba saa tatu asubuhi na mahamri matano ya mamake yamefungwa kwenye gazeti, hiyo ni rushwa. Nikampa mashine ya pembeni, ile yenye UPS nzima, betri ya kuishikilia stima ikikatika. Nikamuuliza kitu kimoja tu, nani alikwambia 1600? Akanyamaza. Akasema hakuna. Halafu akasema, "Si ndio ya juu?"

Basi tukaanza kutoka mwisho kuja mwanzo. Kabla ya nambari, vyuo. Vyuo vingi vya Marekani kila mwaka hutoa karatasi ndefu ya takwimu zake inayoitwa Common Data Set, unaandika hilo neno na jina la chuo kwenye gugo inakuja, ni bure, haitaki akaunti wala baruapepe. Unashuka chini mpaka sehemu ya C9. Pale wanakwambia alama za SAT za walioingia mwaka ule, na wanakupa nambari ya mtu wa 25 na ya mtu wa 75. Yaani chukua wanafunzi mia, wapange foleni kuanzia mwenye alama ndogo mpaka mwenye kubwa, halafu mwulize wa 25 umepata ngapi, mwulize wa 75 umepata ngapi. Nusu ya darasa wako katikati ya hao wawili.

Watu wengi wakifika hapo husoma ile ya chini wakashangilia, ah, mie nimepita. Ngoja kwanza. Kwenye ile robo ya chini kuna wanamichezo walioitwa kucheza, kuna watoto wa watoaji wakubwa, kuna ambao wazazi wao walisoma hapohapo, kuna mtu ana jambo lingine zito la kumsukuma. Mtoto wa Barani anayeomba alipiwe kila kitu, karo, chakula, kitanda mpaka sweta, asipange foleni pale. Yeye nambari yake ni ile ya juu, ya mtu wa 75, au karibu nayo. Manake vyuo ambavyo havitazami mfuko wa mgeni wakati wa kuchagua ni vya kuhesabu, kina Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na wenzao wachache, na hao ndio dunia nzima inawakimbilia. Vilivobaki vinatazama. Baadhi ya vyuo hivo gharama ya mwaka mmoja imeshapita dola 80,000, hiyo ni zaidi ya milioni kumi zetu, na mtu akiamua kukulipia hizo atataka aone kitu cha kumfanya asijute.

Injinia alikuwa ameweka Purdue juu kabisa ya orodha kwa sababu Neil Armstrong alisoma pale. Alama angezifikia. Lakini kile ni chuo cha jimbo, cha Indiana, mgeni asiende akitarajia kulipiwa kila kitu. Tukakifuta, akakiangalia kikitoka kwenye orodha kama mtu anazika paka wake. Vyuo vya University of California navyo tukavitoa, wale tangu 2021 SAT hawaitazami kabisa, upate 1600 au usifanye ni mamoja. Tukaingiza Berea, kile cha Kentucky kisichomtoza karo mwanafunzi yeyote, ambacho yeye hakuwahi kukiskia kwa sababu hakina mtu aliyekwenda mwezini.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye C9 nao ulinichukua siku mbili kuushtukia. Wakati wa korona, 2020, vyuo vingi vilisema kutuma SAT ni hiari. Sasa ikiwa hiari nani anatuma? Anayejua amefanya vizuri. Mwenye 1300 anakaa nayo mfukoni. Kwa hivo zile nambari za mtu wa 25 na wa 75 zikapanda, si kwa sababu watoto wamekuwa werevu zaidi, ni kwa sababu wengine hawamo kwenye foleni. Ukiangalia vizuri palepale wanaandika ni asilimia ngapi waliotuma alama. Chuo ambacho wametuma theluthi tu, ile nambari yake ya juu usiiogope sana. MIT waliurudisha mtihani uwe lazima 2022, na 2024 wakafuata Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech, lakini wako walioacha hiari, na Bowdoin wao ni hiari tangu 1969, kabla hata hiyo Uhuru haijarushwa. Kwa vyuo vya hiari unaweza kuona alama zako ziko chini ukaamua usizitume, na hilo nalo lina faida yake.

Tukabaki na vyuo vinane. Viwili vya ndoto, MIT kimojawapo, ambako ile nusu ya katikati inaanzia kama 1520. Sita vya watu wa kawaida, ila vyuo vyenyewe vina pesa za kutoa. Tukaandika nambari ya juu ya kila kimoja ya hivo sita kwenye daftari langu la madeni, yaani lile la wateja wanaoprinti leo wakalipa mwisho wa mwezi, ukurasa wa nyuma. Zikawa zinachezea kati ya 1400 na 1500. Nikachora mstari hapo 1460.

Injinia akaguna. 1460 ukutani haipendezi.

Nikamwambia kabla ya kuguna fanya kwanza mmoja wa majaribio tuone uko wapi. Mtihani wenyewe siku hizi ni wa kompyuta, maswali 98 kwa saa mbili na dakika 14, kwa programu yao inaitwa Bluebook, na majaribio kamili yako humo ndani bila malipo. Kila sehemu ina vipande viwili. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza, cha pili kinakuja kigumu na dari yake ya alama iko juu, ukivuruga cha kwanza unaletewa cha pili rahisi, unatoka unatabasamu kumbe dari ilishashushwa. Simu haikubali, lazima kompyuta au tableti, na hapo ndipo wengi wa huku wanakwama kabla hata ya kuanza.

Akakaa. Katikati ya hesabu stima ikapotea, UPS ikalia kama mbuzi, wateja wengine wote wakasimama kulalamika na yeye hakuinua kichwa. Nilimpenda sana dakika ile. Akamaliza. 1180. Kiingereza 530, hesabu 650.

Alinyamaza akaenda kununua dafu, akarudi akakaa nje kwenye ngazi. Mie nikaanza kupitia makosa yake moja moja, na hapa ndipo nataka watu wasome polepole, kwa sababu 1180 ni nambari bubu, haikwambii kitu. Makosa ndiyo yanayosema. Aliacha maswali sita matupu. Nikamuuliza mbona, akasema shuleni walikatazwa kubahatisha. Sasa SAT jibu la kosa halikatwi alama, yaani ukiacha tupu umeitupa bahati yako mwenyewe. Halafu kwenye Kiingereza kosa lake kubwa halikuwa msamiati, ni yale maswali ya maneno ya kuunganisha sentensi, ya "hata hivyo" na "kwa hivyo" na "vilevile", anapewa sentensi mbili achague kiungo. Alikosa karibu yote. Nikamsomea moja kwa kumgeuzia kwa Kiswahili, akajibu kabla sijamaliza. Kumbe anaelewa mantiki, ila akiona Kiingereza anakimbilia neno linalosikika la kisomi zaidi. Na kasi: sehemu ile kila kipande ni maswali 27 kwa dakika 32, swali moja ni kama sekunde 71, yeye alikuwa anasoma kila kifungu mara tatu kama barua ya posa.

Hesabu, makosa mengi yalikuwa ya haraka. Anajua kutafuta x, anaipata x, swali linauliza 2x, anajibu x. Nikamwonyesha ile kikokotoo cha kuchora grafu iliyomo humohumo kwenye programu, mlinganyo unaouchora wenyewe unauona unakata wapi, akaichezea saa nzima kama mtoto kapewa kishada.

Kwa hivo 1460 tukaigawa, na hii kwangu ndiyo kazi yenyewe, si ile nambari kubwa. Hesabu 780, Kiingereza 680. Kwa nini si 730 kwa 730? Kwa sababu anaenda uhandisi, na kwa sababu hesabu anaijua, amebakisha adabu tu, wakati Kiingereza kutoka 530 kwenda 680 tayari ni kupanda mnazi bila kamba. Miezi minne, Mei mpaka Agosti. Kila Jumamosi jaribio au nusu yake, katikati ya wiki makosa.

Sasa njoo kwenye pesa, ambayo watu wa kule wanaotoa ushauri hawaisemi kwa sababu kwao si kitu. Ushauri wao wote unakwambia fanya mara ya kwanza uone, ya pili upande, ya tatu umalize, na vyuo vingi vitachukua sehemu bora ya kila mara. Vizuri. Msimu wa 2024 ada ilikuwa dola 68, na ukiwa nje ya Marekani unaongeza 43, jumla dola 111. Dadangu alichukua kikokotoo cha simu akabadilisha, ikaja 14,300 na chenji. Akakaa kimya kidogo halafu akagawanya kwa kumi. Akasema, "Mahamri 1,430." Anauza shilingi kumi hamri moja, na hapo hajatoa unga, nazi, mafuta wala kuni. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ongeza na nauli, manake kituo tulichopata kilikuwa Mombasa, kilomita 120 na kulala kwa jamaa usiku mmoja.

Ndipo tukaandika nambari ya pili kwenye daftari chini ya ile ya kwanza. Niliiandika mie kwa mkono wangu, peni ya bluu: *Kulenga 1460. Ikifika 1420 hatuirudii.* Manake kutoka 1420 kwenda 1460 si elimu tena, ni upepo, hata karatasi ya matokeo yenyewe inakuonyesha masafa na si nukta moja, mtu yuleyule akifanya leo na kesho atapishana na nafsi yake. Na mahamri 1,430 kwa ajili ya upepo, hapana. Akaweka sahihi. Nikaweka sahihi. Dadangu akaweka kidole, si kwamba hajui kuandika, mikono ilikuwa na unga.

Sitawachosha na miezi ile minne. Juni 1290. Julai 1360, halafu wiki mbili inagoma pale pale. Aliingia gurupu moja ya WhatsApp ya watu wanaoomba vyuo, kutwa watu wanatupia picha za 1550, 1570, na moto na makofi, siku moja nikaenda kwao nikakuta ile 1600 ukutani imekatwa na chini yake 1550. Bibi akaniambia, "Afadhali, hamsini ashalipa." Nikamwambia Injinia atoke kwenye ile gurupu, akatoka, akarudi, akatoka tena. Wale wa gurupu sikatai wana akili, lakini hakuna hata mmoja anayetupia picha ya 1340, kwa hivo ni hadithi ileile ya C9, unapanga foleni na waliojitokeza tu.

Jumamosi ya mtihani ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Laptopu ya kuazima, ya mwalimu mmoja jirani, tulifanyia mazoezi ya betri wiki nzima kuona inakaa saa ngapi bila chaja. Alitoka Malindi Ijumaa baada ya swala. Akanipigia baadaye akasema Kiingereza kilikuwa kigumu kipande cha pili. Nikafurahi kwa sauti, akashangaa, nikamwambia kigumu ndio kizuri, dari imekaa juu.

Wiki mbili baadaye majibu yakatoka. Kiingereza 650, hesabu 780. 1430.

Dadangu alipoambiwa aliruka. "Hamri kwa hamri!" Kila alama moja hamri moja, haijazidi haijapungua, akaenda akawatangazia wateja wa asubuhi yake yote, na wale hawajui SAT ni nini lakini hesabu ya mahamri wanaijua, wakapiga vigelegele.

Mie je? Hapa ndipo nimekuja kuandika yote haya, nikiwa mkweli. Mie niliona 30. Sikuona 1430, niliona 30 zilizokosekana, zote za Kiingereza. Usiku ule ule nikatazama tarehe za Oktoba. Nikapiga hesabu za pesa zangu za saiba, nikajiambia ntalipa mie, dada hatatoa hata shilingi. Asubuhi nikampigia nikamwambia Injinia, tunarudia, maneno ya viungo tu, mwezi mmoja, unafika, unapita. Akanambia mamdogo nakuja.

Akaja saiba. Hakuketi. Alizunguka nyuma ya meza yangu, akachukua daftari la madeni, akafungua ukurasa wa nyuma, akaliweka juu ya kibodi yangu na kuweka kidole pale. Ikifika 1420 hatuirudii. Mwandiko wangu. Sahihi yangu. Alama ya unga ya dadangu bado iko pale, imekauka imekuwa rangi ya mchanga.

"Nani alikwambia 1460?" akaniuliza. Kwa adabu zake zote, hakupandisha sauti.

Nikataka kumjibu C9, mtu wa 75, vyuo sita. Na ni kweli ilitoka huko. Lakini ile asubuhi haikuwa ya huko tena, ilikuwa yangu, nilishaibeba miezi minne na nilikuwa nataka niione imefika, na ukitaka kujua, nilikuwa nimeshika peni. Ya bluu, lakini peni.

Tukaketi tukapitia vile vyuo vinane upya. Sita vile, vinne 1430 iko ndani ya masafa yao, nyingine juu kidogo ya katikati nyingine chini kidogo. Viwili ni hiari na iko chini, hivo hatukutuma. MIT wao ni lazima kutuma, nikadhani ataumia, akakifuta mwenyewe kwa kidole cha delete, tiki, kama mtu anafuta meseji za matangazo. Pesa niliyokuwa nimetenga ya Oktoba ikaenda kwenye mtihani wa Kiingereza wa wageni na kwenye kuchapa na kugonga mihuri vyeti, na muda ambao angekuwa anahangaika na viungo vya sentensi akauandikia insha. Insha ile aliandika juu ya yale majukwaa ya Ngomeni. Alinisomea nusu ya kwanza, nusu ya pili hakutaka niskie.

Wakati huohuo KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, walikuwa wamempa uhandisi Nairobi, akaomba kuahirisha mwaka, manake ukishaketi darasani kwingine vyuo vingi vya Marekani vinakuhesabu mtu wa kuhama na si wa mwaka wa kwanza, na msaada wa wanaohama ni finyu. Dadangu kwa hilo alikosa usingizi siku tatu. Ile nafasi ya Nairobi bado ipo, inamngoja. Majibu ya Marekani ni Machi.

Juzi, hii Shaaban tukijiandaa na Ramadhani, dadangu amenunua rangi tena, ndoo nyingine ya maziwa. Tulipaka mie na yeye, Injinia ameshika ngazi. Maka peni si kitu cha mzaha, unapita mkono wa kwanza inatokeza, wa pili inatokeza, wa tatu ukisimama karibu huoni kitu lakini ukirudi mlangoni jua la saa kumi likipiga ukuta unaiona palepale, 1600, kijivujivu, na ule mstari alioikatia, na 1550 chini yake.

Bibi alikuja na mkongojo wake akasimama pale mlangoni, akakodoa.

"Na hili deni hamjalimaliza tu?"

"Tumelipa 1430, Mama," dadangu akamjibu, anachovya brashi. "Zilobaki wamesamehe."